Marufuku ya Hitilafu

Nina furaha kuutangazia umma kwamba wizara yetu imekuwa ya kwanza kupiga marufuku hitilafu za mitambo. Wazo lilikuwa langu mimi, Mkurugenzi wa Kitengo cha Uimara wa Mifumo, na nalisema bila majivuno.

Mafundi wangu hulinda kompyuta zinazoendesha shughuli za serikali: usajili wa wagonjwa, vitambulisho, hata milango ya ofisi zetu inayofunguka kwa kadi. Niliwakuta na tabia mbaya. Mfumo ukiyumba, simu zao zinalia, wanakurupuka na kuurekebisha bila kumuuliza mtu. Nidhamu sifuri.

Nikaagiza kengele zote zije kwanza kwenye simu yangu. Nikiiidhinisha hitilafu, ndipo fundi aguse mtambo.

Mkuu wa zamu, dada mmoja mpole asiyecheka ovyo, akauliza, "Na ukiwa umelala, bosi?"

"Itasubiri saa za kazi."

"Sawa. Sisi tena."

Simu nikaiweka kimya, na hitilafu zikakoma. Watu wa hospitali wakalalamika kwamba wagonjwa wanarudishwa nyumbani kwa kuwa mfumo hauwatambui. Tukawajibu kitaalamu: mfumo ni mzima, kasoro iko kwa wagonjwa.

Mheshimiwa Waziri akaja kutupongeza. Kwa itifaki, simu tuliziacha kwa mlinzi, tukajifungia wawili katika chumba cha mikutano chenye kuta za kioo. Nikiwa katikati ya takwimu, kiyoyozi kikakata roho. Waziri akapitisha kadi mlangoni. Mlango kimya.

Mafundi walikuwa upande wa pili, wamekaa kwa adabu. Nyuma yao ujumbe wa hospitali ulikuwa umekuja kulalamika tena.

"Mnangoja nini?" nikauliza.

"Kibali, bosi," akasema mkuu wa zamu. "Kengele imeingia kwenye simu yako, na simu inataka kidole chako."

Mlinzi alijaribu kuipitisha simu yangu chini ya mlango. Haikupita. Waziri alikuwa ameshavua koti, anahema kama amepanda ngazi.

"Fungueni, naagiza mimi."

"Tunakutii, Mheshimiwa. Ila mlango na hospitali viko kwenye mtambo mmoja, na taarifa ya wizara inasema mtambo huo ni mzima. Tutarekebishaje kitu kizima? Labda wewe useme kwamba umeharibika."

Waziri akanitazama, kisha akautazama ujumbe wa hospitali.

"Umeharibika," akanong'ona.

"Kioo ni kinene, Mheshimiwa."

Akasema tena, kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Watu wa hospitali walikuwa wanarekodi.

Mafundi wakainama kwenye kompyuta zao, na punde mlango ukalia, ukafunguka. Waziri akatoka, akanifuta kazi pale pale kizingitini, akaubamiza mlango nyuma yake. Nilipopitisha kadi yangu, taa nyekundu ikawaka.

Nikagonga kioo. "Dada, kuna hitilafu hapa."

Akasogea, akasoma kwenye kompyuta yake, hakuharakisha.

"Hakuna, kaka," akasema. "Mfumo unafanya kazi vizuri kabisa."