Kitabu Kinachokamata Mwizi Bila Polisi

Jumatatu, 5 Juni 1995

Nimemaliza riwaya ya Kifaransa. Kurasa mia nne! Bila kumuuliza mtu neno hata moja.

Haya, si zote. Mwisho wake niliuvuta. Karatasi nyembamba, tumbaku ilikuwa nzuri, na shule yangu iliishia darasa la tano. Lakini kiini ninacho. Mvushaji mmoja anamzamisha shemeji yake mtoni. Ana sababu nzuri: shemeji alikuwa akimpiga dada yake. Hakuna aliyeona. Lakini tangu siku hiyo kila anachokula kina ladha ya tope.

Kitabu cha maana sana. Kurasa mia mbili nilizosoma hakuna polisi hata mmoja. Mkosaji anajikamata mwenyewe! Kwa Likasi ya leo, ambapo polisi anakuomba wewe sigara, hiki ndicho cha kusoma.

Na mimi nimeibiwa. Kiti cha baiskeli! Kile chekundu nilichokipata wakati wa Pasaka. Bila kiti siendi Kapolowe kuchukua unga. Bila unga, asema mke wangu Suzanne, Jumapili tutakula hewa.

Namshuku Casimir, jirani. Siku hizi ananisalimia kwa adabu kupita kiasi.

Jumanne, 6 Juni

Nimejaribu kwenda Kapolowe nimesimama kwenye pedali. Nimefika relini. Nimerudi nikitembea kama bata. Suzanne alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa mpango! Mado anauza maandazi njiani na hana karatasi ya kufungia. Nimempa kitabu. Sharti moja: Casimir, anayenunua kila asubuhi, afungiwe kurasa kwa mpangilio. Mado akauliza, kambo, weye uko muzima kweli? Kuitwa babu sikatai. Hilo la uzima limeniudhi.

Alhamisi, 8 Juni

Balaa. Wateja wanasoma huku wakila. Mmoja akatema, akapiga kelele kwamba hii andazi iko na tope! Wote wakatema. Mado amenitukana mbele ya barabara nzima.

Casimir peke yake hakulalamika. Amenunua manne, amekula moja. Ameomba afungiwe kurasa ishirini kwa kila andazi.

Ijumaa, 9 Juni

Casimir amekuja. Macho mekundu. Habari ya kiti, kimya. Anataka kujua mvushaji alikiri au hapana, maana kwa Mado karatasi zimekwisha.

Mwisho ninao mapafuni. Nikatunga: alikiri, akarudisha alichochukua, siku hiyohiyo chakula kikapata ladha.

Casimir akauliza angerudishaje, shemeji si alikufa?

Nikamwambia hayo ni ya watu waliosoma.

Jumamosi, 10 Juni

Kiti kimerudi! Casimir amekileta mwenyewe, amekifuta vumbi. Akasema, mukubwa, ni miye, unisamehe.

Akaeleza. Alipokiona kwenye baiskeli yangu alikitambua. Ni chake, kiling'olewa nje ya kanisa siku ya Pasaka, yeye akiwa ndani anaomba. Akajiona ana haki ya kukichukua. Lakini hata mvushaji alijiona ana haki! Tangu hapo andazi ni tope mdomoni.

Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamsamehe. Si kila mzee angeweza.

Nikafunga kiti, nikaondoka kwenda Kapolowe.

Jumapili, 11 Juni

Nimerudi na unga. Suzanne amesonga bukari, kwa samaki wa ziwa Tshangalele. Nimeonja kwa makini sana: hakuna tope. Dhamiri safi. Suzanne akauliza kile kiti hasa nilikipata wapi. Nikamwambia ale kabla bukari haijapoa.

Watu wasome riwaya za namna hii. Majirani hasa.

Jambo moja limebaki. Casimir, kwa toba yake, aliahidi kunipakia mnyororo mafuta baada ya ibada. Jua linazama na sijamwona. Atakayepita kwake amkumbushe, tafadhali. Na aje na ile pampu yake. Nimeiona, ni nzuri.