Nyota ya Dirisha la Ujiji

Jumatano, 27 Agosti
Nyota kubwa na angavu kupita kiasi hujimaliza kwa upepo wake yenyewe: hupuliza mwili wake angani. Kasema Skolastika, mwalimu wa fizikia, saa tisa alasiri, mbele ya wanafunzi arobaini na mwandishi wa habari mmoja. Mwanga ukitenganishwa katika rangi zake, upepo huo huonekana kama mistari inayong'aa. Nimeandika yote. Nimepungua kilo mbili tangu Pasaka. Mwishoni akaniamkia: shikamoo mzee. Nina hamsini na moja! Castory, fundi wa maabara, ana hamsini na tatu. Huyo anaitwa kaka.

Ijumaa, 29 Agosti
Chombo cha kutenganisha rangi za mwanga tayari: boksi la viatu, kipande cha CD, mwanya wa wembe. Saa moja na nusu jioni, dirishani kwangu. Nyota moja, chini kabisa, juu ya ziwa. Mistari inayong'aa! Mmoja wa kijani. Nimechora.

Jumapili, 31 Agosti
Bado ipo, palepale. Nimempa Skolastika mchoro baada ya ibada. Akauliza inatua saa ngapi. Nikasema haitui, imetulia kama mimi. Akanitazama sana. Atakuja Ijumaa kuiona mwenyewe. Kwangu! Nimenunua pazia.

Ijumaa, 5 Septemba
Amekuja. Na Castory. Nyota haipo. Nikaeleza kwa utulivu kwamba upepo umeimaliza. Castory akatazama mwezi, akauliza kama si mimi niliyeandika bei za dagaa wa Kibirizi miaka ishirini. Ni mimi. Basi mzee mzima hujui kwamba mbalamwezi wavuvi wa taa hawaingii ziwani? Skolastika akaongeza, kwa upole, kwamba milima ya Kongo iko nyuma ya nyota yangu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Pazia hakuna aliyelisifu. Ila mchoro Skolastika amebaki nao. Kasema ni safi, atautundika maabara.

Jumamosi, 6 Septemba
Bariki, mvuvi, amethibitisha: taa ya mrija niliyoiona ziwani ni yake, na jenereta pia. Habari imefungwa.
Nimeona nyingine. Nyekundu, juu ya kilima, jirani na mnara wa simu. Haijali mbalamwezi. Inawaka na kuzima kila baada ya sekunde mbili. Upepo wake lazima ni mkali mno. Nimemwandikia Skolastika. Kajibu: haya mzee, Jumamosi tarehe 13, saa kumi na mbili na nusu jioni.
Hakumtaja Castory.