Arero na Magonjwa Yake Matano

Wabera, Isiolo

Kwa Daktari Githae, wa kliniki ya wagonjwa wa akili,

Salaam aleikum, hata kama wewe ni mtu wa kanisa, pokea tu. Uliniambia utarudi baada ya wiki mbili. Tangu siku hiyo mbuzi wangu amezaa, mtoto wake amekua, na sasa naye ana mimba. Wewe bado uko njiani. Barabara ilikumeza, ama ulituogopa? Hata marehemu mume wangu Kotile, aliyekuwa akitoroka kazi za nyumbani na kujificha Garbatulla, hakuwahi kukawia hivyo.

Mimi sikusoma. Anayeandika ni Wakiuru wa duka la fotokopi, na nimemwambia asilainishe kitu. Malalamiko yangu ni juu ya mjukuu wangu Arero, mtoto wa marehemu binti yangu Dahabo. Ana miaka ishirini na mitatu. Alikuwa akichunga ngamia upande wa Gotu, mpaka mwaka juzi alipoanza kukaa akiangalia ukuta na kukataa chakula.

1. Nimempeleka kwa madaktari watano, nikarudi na magonjwa matano. Wa kwanza alisema malaria imepanda kichwani. Wa pili, dipresheni. Wa tatu, kutafuna miraa. Wa nne, baipola, kwa sababu Arero alicheka mbele yake. Na ungeona vile huyo daktari alikuwa amefunga tai, hata wewe ungecheka. Wa tano ni wewe. Uliandika skizofrenia, halafu ukaweka kitu kama ndoano. Wakiuru anasema hiyo ni alama ya kuuliza. Sasa unamuuliza nani, daktari? Mimi? Kwetu ng'ombe akipatikana na alama za wenyewe watano tofauti, tunaita polisi.

2. Mtu akinunua ngamia hapa hukaa siku mbili. Anaangalia meno, anamtembeza, anauliza mama yake alikuwa wa namna gani. Daktari wa pili alimaliza na mjukuu wangu kabla jasho langu la kupanda ngazi halijakauka.

3. Haya maswali yenu mnayatoa wapi? Mnauliza kama anafikiri kuna watu wanamfuata. Daktari, wezi wa mifugo walimfuata na bunduki siku mbili kutoka malishoni. Mchungaji ambaye hafikiri anafuatwa, huyo ndiye wa kulazwa. Mkauliza kama anaamini redio inamtaja kwa jina. Inamtaja. Mimi mwenyewe nilipeleka tangazo punda walipopotea: Arero wa Gotu, rudi nyumbani. Isiolo yote ilisikia. Basi mwandikieni mtangazaji dawa pia. Mkauliza kama anaongea na wafu. Mimi naongea na Kotile kila asubuhi nikimimina chai, na hanijibu, vile vile kama zamani.

4. Yule daktari wa miraa, karani wake alikuwa anafungua faili na shavu limevimba upande mmoja.

5. Hii ndiyo inaniuma. Dawa ya mmoja ilimfanya Arero atetemeke mikono. Aliyefuata akaona mikono, akasema huo ni ugonjwa mwingine, akaandika dawa ya mikono. Hiyo nayo ikamlaza siku tatu kama gunia. Mkiendelea hivi mtamtibu mpaka asibaki mtu wa kutibiwa.

Na sasa mwanangu Yattani, mjomba wake, anasema madaktari wakishindwa kuelewana atampeleka Gotu, amfunge kamba kwenye mti mpaka akili irudi. Mtu mzima, afungwe kama ndama. Nimemzuia mpaka Idi. Idi ikifika bila jibu, sina nguvu ya kushikana na mwanaume.

Kwa hivyo naomba kwa heshima kwamba nyinyi watano mfungiwe chumba kimoja na mbuzi aliye hai. Mkikubaliana jina moja la ugonjwa, mtamchinja. Msipokubaliana, mtalala naye, na nitachagua yule anayekojoa ovyo. Tena muulizwe maswali yenu wenyewe. Wewe ulimwacha mjukuu wangu mara nne ukaongea na mtu ambaye hayuko chumbani. Najua ilikuwa simu. Lakini kwa faili ingeandikwaje?

Nisalimie mke wako, na sista Mungania aliyenipa kiti, na mlinzi wa geti, na hata wale madaktari wanne. Sijakasirikia mtu isipokuwa nyinyi wote.

Ni mimi,
Mulki, nyanya yake Arero.

N.B. Nilikuwa nimemaliza, lakini Yattani amepita hapa mbele ya duka akiwa na kamba mpya. Basi nitasema. Arero anajua Kiborana peke yake. Maneno yake yote kwa madaktari yalipitia kinywani mwangu. Kwa wa kwanza alisema anasikia wanaume wawili, mmoja analia, mwingine anamwambia asile, nyanya ameweka sumu. Mimi nikasema anaumwa na kichwa. Kwa wa pili alisema Dahabo anamwita kutoka ndani ya ukuta. Nikasema anamkumbuka mama yake. Wa tatu nilimwambia ni miraa ili tutoke haraka. Arero hajawahi kuitafuna. Kwako nilisema nusu, nikameza nusu. Kila daktari alitibu kile nilichompa. Sikutaka iandikwe popote kwamba mtoto niliyemlea ananiogopa mimi.

Uje kabla ya Idi. Lete mtu anayejua Kiborana na asiye wa ukoo wetu. Mimi niketishe nje, ufunge mlango. Nikigonga, usifungue.