Lori Lililouziwa Ugonjwa

Malongo hakuwahi kutengeneza gari likapona, lakini hilo halikumzuia kuitwa fundi. Pale njia panda ya Nyakanazi, ukiwa na ovaroli yenye mafuta na maneno mengi, cheo utapewa na watu wenyewe. Katika umeme wa magari alijua jambo moja tu: zima kila kitu, chomoa waya mmoja wa betri, weka balbu ndogo katikati. Balbu ikiwaka, kuna kitu kinakunywa umeme kimyakimya. Ujuzi huo ulimlisha miaka.

Mwishoni mwa 1978 vita vya kumng'oa nduli wa nchi jirani vilipopamba moto, malori ya watu binafsi yakaanza kukusanywa yapeleke askari na chakula mpakani. Bartholomayo, mwenye duka na lori la dizeli, alisimama mkutanoni akapaza sauti kumshinda mwenyekiti wa kijiji.

"Ndugu wananchi, mali yangu ni ya taifa! Lori langu, na mimi mwenyewe!"

Akapigiwa makofi. Malongo, nyuma ya umati, alimwona Bartholomayo anavyofuta jasho shingoni, akajua hapo pana riziki.

Riziki aliyoitaka ilikuwa betri. Ernesta, mjane mwenye kilabu cha pombe na redio kubwa isiyo na betri, alishamwambia: "Niletee muziki humu ndani, ndipo tuzungumze habari za ndoa." Na Malongo alimpenda kweli mwanamke yule, tusimnyime haki yake. Kati ya yote aliyoyasema maishani, hilo peke yake halikuwa uongo.

Jioni akaenda dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sukari hakuna."

"Sijaja kununua, nimekuja kuuza. Mzee, jeshi halichukui gari bovu."

"Langu zima."

"Hiyo ndiyo shida yake. Mimi nakuuzia ugonjwa."

Akaunga waya mwembamba nyuma ya dashibodi, akauongoza hadi kwenye taa ndogo aliyoificha chini ya kiti iwake usiku na mchana. Kisha akapima. Balbu ikawaka, na Bartholomayo akaitazama kwa furaha ya mtu aliyeonyeshwa mjukuu.

"Hata wakija na betri yao, kesho yake imelala. Watachoka, wataondoka."

"Na hii yangu? Bado mpya!"

"Itakufa bure. Na ukiificha kwako, wakipekua utaitwa mhujumu. Niachie mimi nikutunzie. Nitakuwekea kuukuu niliyonayo."

Bartholomayo aliibeba betri mwenyewe hadi kwenye toroli. Kwa shukrani akaongeza nusu kilo ya sukari, ile ile iliyokuwa hakuna.

Kesho yake redio ya Ernesta ikaimba, na habari za ndoa zikaanza kuzungumzwa.

Siku chache baadaye luteni akaja na askari wake. Starta ya lori ikagonga mara moja, ikanyamaza.

"Afande, nia ninayo, nguvu ndiyo lori halina!" Bartholomayo akalia. "Muulize fundi!"

Malongo angesema maneno matatu akaenda zake. Lakini Ernesta alikuwa umatini, na mwanamume anayependa hajui kusema maneno matatu. Akazima hiki, akachomoa kile, balbu ikatoa wekundu hafifu.

"Afande, umeme unavuja. Dainamo inajaza, shoti inamwaga, ni kuchota maji kwa tenga. Ugonjwa huu nchi nzima tunaoutambua ni wachache."

Luteni alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Wachache kweli. Nina malori mengi Kyaka yanaua betri, na fundi umeme sina."

Malongo akaanza kukunja waya zake. "Afande, mimi nabahatisha tu."

"Asikudanganye," Ernesta akasema. "Huyu bingwa. Hata redio yangu kaifufua yeye."

Kama alisema kwa kumwonea fahari mchumba au kwa kumchoka, mimi sijui. Walioshuhudia wanasema alikuwa anatabasamu.

"Panda," luteni akamwambia fundi.

"Lakini lori haliwaki!" Bartholomayo akapaza sauti, kwa furaha iliyozidi kiasi.

"Mzee, hili ni la dizeli, likisukumwa linawaka hata bila betri. Wananchi, sukumeni!"

Kijiji kilichozoea kulima shamba la ujamaa kwa kujikokota kilisukuma lori lile kwa moyo mmoja, maana lilikuwa la Bartholomayo. Dereva akaachia klachi, moshi ukafoka, lori likanguruma.

Bartholomayo akalikimbilia, akamng'ang'ania Malongo mguu. "Betri yangu iko wapi?" akanong'ona.

Malongo akamtazama luteni. Kuitaja betri kulikuwa kujiita mhujumu wakati wa vita.

"Iko salama, mzee. Nikirudi nitakuonyesha."

Waya wake aliukata walipokuwa hawajafika hata Biharamulo, lakini betri kuukuu haikushika chaji. Kila lori lilipozimika, bingwa alishuka akasukuma, na dereva akamuuliza kinachokunywa umeme ni nini.

Huku nyuma Bartholomayo, asiye na lori tena, alishinda kilabuni akisikiliza habari za vita. Redio ilikaa juu ya kabati, na chini yake kitu kizito kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Redio yako haikatiki, mama," alisema siku moja. "Betri ya nani hiyo?"

"Ya mchumba wangu."

"Yuko wapi?"

"Vitani. Anasukuma."

Bartholomayo akatikisa kichwa kwa huzuni. Nyakanazi nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akimwombea Malongo arudi salama. Ernesta akaongeza sauti ya redio.