Wifi, Vichekesho na Kibofu Changu

Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu ananiwinda. Sina shaka tena! Leo mwenye karakana tunakoshona mimi na yeye ametangaza kuwa Ijumaa atachagua msimamizi wa chumba cha kushonea. Hapo hapo wifi akaanza kisa cha fundi aliyeshonea mkono wa shati lake kwenye gauni la mteja, ikabidi amsindikize mpaka kwake. Nikacheka. Nikalowa! Tangu nimzae kitindamimba, nikicheka au nikipiga chafya, mkojo unanitoka. Sijamwambia mtu. Lakini yule anajua. Mbona aniangalie mimi tu akifika penye kuchekesha?

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: nisinywe maji hata tone. Kufika saa nane kibofu kinawaka moto. Chooni mara saba! Wifi akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu nanyoosha miguu. Mpelelezi mkubwa.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya pili: pamba masikioni, vichekesho visipenye. Kumbe mwenye karakana ameniita mara tatu. Ya nne akanigusa bega. Nikashtuka, nikalowa! Nikajimwagia maji ya kupigia pasi, ionekane ajali. Wifi akaniletea kitambaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewafuma! Mchana wifi na wenzake wanne wamejitenga stoo na mkunga mstaafu. Nikatega sikio. Mkunga anahesabu mpaka kumi, kisha anawaambia walegeze. Njama! Nikaingia nikijidai natafuta vifungo. Wamekaa vitini, nyuso zimekunjamana. Mkunga akanieleza kuwa uzazi hulegeza misuli inayoshikilia kibofu. Ukiibana kama anayezuia mkojo, ukailegeza, kila siku kwa miezi kadhaa, wengi hupona au hupata nafuu. Asiyepata aende hospitali, matibabu yapo. Akasema kujinyima maji kunazidisha. Wifi akasema yeye alivuja miaka sita, na kwamba mwezi mzima ananiwekea kiti, ila anaogopa ukali wangu. Machozi yakanilengalenga. Nilitamani sana kukaa. Nikachukua vifungo, nikatoka.

Ijumaa, 7 Machi

Kachaguliwa wifi! Mwenye karakana anasema anataka mtu anayetulia mashineni na anayesikia akiitwa. Amri ya kwanza ya msimamizi mpya: mashine yangu isogezwe karibu na choo. Ati nisihangaike. Anataka watu wanihesabie safari!

Jumamosi, 8 Machi

Nimewaza tangu alfajiri. Wifi alivuja miaka sita, amekiri mwenyewe. Aliyevuja huvuja tena! Nimetunga kisa kikali cha bibi harusi na cherehani. Jumatatu nitamsimulia mbele ya mwenye karakana, tuone nani atabaki msimamizi. Saa nne nimekifanyia majaribio jikoni, peke yangu, kwa sauti. Kisa kinachekesha mno. Mume wangu anauliza kwa nini nafua sketi mbili.