Vigari Viwili na Chingamu Tano

Jumatatu, 3 Juni
Nafasi ya maonyesho ya sayansi ni moja. Tumebaki wawili: mimi na Binti Shangazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinalala kitanda cha juu na kukoroma. Keshokutwa yeye ataonyesha mgongano mnyumbufu: vigari viwili vyenye springi vigongane na kudunda. Mimi ule usio mnyumbufu: vigongane, vinase, viende pamoja. Kote momenta, yaani tungamo mara kasi, jumla yake haipotei. Mama asema tusaidiane, sisi ni ndugu. Mama hakusoma fizikia.

Jumanne, 4 Juni
Nimetafuna chingamu tano za stroberi. Mama kauliza mbona nacheua kama mbuzi. Nikajibu ni kazi ya shule. Sikudanganya! Zote zimo kwenye springi zake. Kesho havidundi ng'o.

Jumatano, 5 Juni
Vikanasa! Darasa likaangua kicheko, mimi nikiongoza. Mwalimu akamuuliza kulikoni. Yeye, bila hata kupepesa macho, akasema mgongano umegeuka usio mnyumbufu: tungamo imekuwa maradufu, kasi nusu, momenta ileile; kilichopungua ni nishati ya mwendo, imeishia kwenye joto na sauti. Akapima. Sawasawa! Mwanamke gani huyu?
Mwalimu akaona hakuna haja ya kurudia onyesho hilohilo. Akaniambia nionyeshe mnyumbufu. Kwa vigari vilevile.
Nilikwangua kwa kucha. Wapi! Kigari kiligonga, kikanasa, nikavuta, kikanasa kwenye mkono wa sweta. Nikarudi kitini nacho. Mwalimu alinusa kigari, akaninusa mimi, akauliza kama napenda stroberi.

Alhamisi, 6 Juni
Kachaguliwa yeye. Tena kamwomba Mwalimu niende kama msaidizi. Kaniambia, "Dada, twende wote bwana, nani atanibebea vigari?" Dada! Na huku anacheka. Mama kafurahi, eti tumepatana.
Nimekubali. Si kwa unyonge, kwa hesabu. Jumla haipotei: alichopata yeye ndicho nilichopoteza mimi, kwa hiyo kipo, kimehama tu. Kukirudisha ni kumgonga mara ya pili. Kosa langu lilikuwa moja, nalo nimelirekebisha.
Nimepata chingamu isiyo na harufu.