Mratibu Kornelio Azindua Miche ya Parachichi Mjimwema

…na ndiyo maana nilikuwa nasema, kabla hiki kipaza sauti hakijakatika, kwamba parachichi linataka mipango kama ndoa inavyotaka mipango, huwezi kufukia kokwa nyuma ya jiko halafu ukakaa kwenye kigoda kusubiri baraka. (Vicheko.) Hapo ndipo nilipofikia. Lakini kwa kuwa waliokaa nyuma wanalalamika kwamba hawakusikia itifaki, na itifaki ni itifaki, nitairudia tangu juu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru na kunikaimisha, kwa hiyo mgeni rasmi ni mimi. Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye yuko njiani, kwa hiyo mpaka atakapofika naye ni mimi. Waheshimiwa viongozi wa dini, viongozi wa mtaa, wazee wetu, akina mama wa kikundi cha wakulima wa parachichi cha Mjimwema. Bwana Issa, mfanyabiashara wa miche na mwenye lori, aliyetoka Makambako alfajiri kwa ajili yetu. Wadau, wadau wenza na wadau watarajiwa. Na kwa uzito wa pekee, nikiomba wote tumtazame, mke wangu mpenzi, ubavu wangu, Bi Rejoice, binti wa Bulongwa, niliyefunga naye pingu za maisha juzijuzi tu hapa kanisani kwetu, na ambaye leo amevaa kitenge cha kijani makusudi ili aendane na shughuli. (Vigelegele. Bi Rejoice anaficha uso kwa mkono.) Mmeona? Ana haya! Mwenzenu nimepata.

Bwana Yesu asifiwe! (Amina!) Asalam aleikum! (Waleikum salaam, anaitikia Bwana Issa na dereva wake.) Kamwene! (Kamwene! Kamwene!)

Ndugu wananchi, mimi kama Mratibu Mkuu wa Mpango Kabambe wa Kuinua Mazao ya Bustani Nyanda za Juu, mpango ambao mimi mwenyewe niliubuni, nikaupa jina, nikaupokea na kujipongeza kwa kuupokea, nasimama mbele yenu kuzindua awamu ya kwanza ya usambazaji wa miche elfu arobaini ya parachichi za kubebesha, kwa kuzingatia mnyororo wa thamani, usawa wa kijinsia, mabadiliko ya tabianchi na sustainability. (Makofi.) Takwimu zinaonesha kwamba mpango huu umeongeza ari ya wakulima kwa asilimia mia mbili, ukilinganisha na mwaka ule ambao hatukuwa tumeanza kuipima.

Sasa wengine mnauliza, kubebesha ndiyo nini? Ukiotesha kokwa ukaliacha likue hivyohivyo, utasubiri miaka, watoto watamaliza shule, na siku mti unazaa, tunda halifanani na mama yake hata kidogo. Mtaalamu anafanyaje? Anachukua mche wa kienyeji, ulioota hapa hapa, mizizi yake inaijua ardhi yetu, unene kama penseli. Anakata kichwa chake, anapasua kidogo katikati. Halafu anakwenda kwenye mti mzuri unaozaa, anachukua kikonyo, anakichonga kama kabari, anakichomeka pale, ganda likutane na ganda, anafunga na ukanda wa nailoni, anavisha kimfuko ili unyevu usitoke. Wanakaa humo. Hawaonekani. Baada ya majuma machache, chipukizi! (Vigelegele.) Wawili wamekuwa mmoja! Jamani, mimi nilipolisoma jambo hili kwenye kipeperushi nililia, nikampigia Rejoice simu palepale, nikamwambia, mpenzi, wewe ndiye kikonyo changu.

(Sauti: "Yeye akasemaje?")

Aliniuliza kama nimekula. Ndivyo anavyonijali! (Vicheko.) Na ili msidhani mimi ni mtu wa maneno tu, nitafanya kwa vitendo, hapa mezani, mbele yenu. Nakata… hivi. Nachonga… hivi. Nachomeka. Nafunga. Tazameni!

(Kelele: "Umekigeuza, Mratibu! Macho ya kikonyo yanatazama chini!")

Ni mfano wa namna ya kutofanya. Tunaendelea.

Kipengele cha pili ni mazingira, na hapa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo wengi mnapoumia. Mche ni kiumbe. Mche uliolelewa Makambako, kwenye jua na upepo, ukiuleta hapa kwetu Njombe ghafla ukautelekeza bondeni, ile asubuhi ya mwezi wa saba barafu imelala kwenye majani kama chumvi, unababuka. Ukiupanda penye maji yanayotuama, mizizi inaoza ukiwa unauangalia. Ukifukia pale ulipobebeshwa, umeharibu kazi yote. Unataka mteremko, unataka udongo unaopitisha maji, unataka kuzoeshwa taratibu, kivuli leo, jua kidogo kesho. Hata huyu mke wangu ni ushahidi wa kisayansi. Amekulia kwenye baridi ya Bulongwa. Alipokwenda kufanya kazi ya duka Makambako, lile vumbi likamkausha midomo, akakonda, nilipomwona mara ya kwanza kwenye stendi anakunywa chai peke yake nilisema moyoni, huyu amepandwa mahali si pake. Nikamhamishia Mjimwema. Mtazameni sasa anavyochanua! (Vigelegele virefu. Bi Rejoice: "Kornelio, kaa kwenye mada.") Mada ni wewe, mama!

Naam, yule mama wa safu ya mbele aliyenyoosha mkono tangu itifaki ya kwanza. Kwa kifupi, tafadhali.

(Mama Dorika, mkulima wa Mjimwema, anasimama. "Asante, Baba Mratibu. Mimi naitwa Dorika. Mlikuja mwezi wa nane mkatuambia tung'oe mipichi, tuchimbe mashimo, tuweke samadi, miche inakuja mvua zikianza. Nikang'oa. Nikachimba. Mvua zimeanza. Majirani wameshapanda viazi. Mimi nina mashimo." Vicheko. "Msicheke, shamba ni hilo moja, na mbegu yangu ya viazi inachipua ndani, wiki ijayo itakuwa imechoka. Nataka jibu la leo. Nipande viazi, au nisubiri miche?")

Swali zuri sana, Mama Dorika, swali la kimkakati, na napenda kukupongeza kwa namna ulivyomiliki mchakato wa uchimbaji. Niseme tu kwamba miche hii mnayoiona mezani, mizuri, ya kijani, iliyonyooka kama maharusi, ni kielelezo cha ile elfu arobaini ambayo kwa sasa iko katika hatua za juu za kimfumo, kwa maana ya implementation, na pindi upembuzi yakinifu utakapo…

(Mama Dorika: "Viazi au miche, Baba?")

…utakapopembuliwa, mama yangu, tutakaa na wadau…

(Bi Rejoice anasimama, anamvuta Mratibu koti. Kipaza sauti kiko wazi, wote wanasikia. "Mjibu mama." "Ngoja nimalizie takwimu, mpenzi." "Kornelio, mjibu kwanza. Mbegu ya mwenzio inachoka ndani.")

Ndugu wananchi. Mke wangu ameniita Kornelio mara mbili mbele ya hadhara. Nyumbani huniita Asali, kwa hiyo mtu mzima naelewa hali ilivyo. Na mimi, mbele ya mchungaji na mashahidi, niliapa nitamsikiliza huyu, na wengi wenu mlikuwepo, mlikula wali. Basi kwa kuwa muda umetutupa mkono, naomba niruke ukurasa wa nne hadi wa kumi na tisa, niingie moja kwa moja kwenye shukrani.

Kwanza, namshukuru Bwana Issa, kwa kutuazima miche hii ya mezani kwa ajili ya uzinduzi na picha. (Minong'ono.) Miche hii ni ya mteja wake wa Lugarawa, na ile honi mnayoisikia ni ya dereva, anataka kuipakia. (Bwana Issa: "Na ule ulioukata kichwa, Mratibu, huo ni wako!" Vicheko.) Nimeupokea.

Pili, nawashukuru wajumbe wa Kamati ya Mpango. Kikao chetu cha kwanza kilikuwa na agenda mbili, mpango na mengineyo. Mimi nikaomba, kwa kuwa mengineyo ni fupi, tuanze nayo. Mengineyo yenyewe ilikuwa harusi yangu. Mjumbe mmoja akapendekeza ukumbi, mwingine akauliza keki ya ngazi ngapi, wa tatu akaleta sampuli za vitambaa, tukaahirisha. Vikao vyote vilivyofuata, ndugu zangu, tuliendelea na mengineyo, kwa weledi mkubwa. (Vicheko.) Ile mirunda na plastiki za kitalu ndilo lile hema la harusi mlilolisifia, na lilipendeza, Rejoice alilia aliposhuka kwenye gari, nami nikalia, na mshenga akalia. Tuliporudi kwenye agenda ya mpango, hatukukuta kitu.

Tatu na mwisho, naushukuru mpango wenyewe, ambao kwa jina upo, kwa bango upo, kwa fulana hizi mlizovaa upo, lakini kwa maana ya kuwepo, haujapata kuwepo. Hakuna miche elfu arobaini. Hakuna hata kitalu.

(Mama Dorika: "Kwa hiyo viazi.")

Viazi, mama. Leo hii. Nisamehe.

(Mama Dorika: "Ungesema saa ile ya itifaki ya kwanza, ningekuwa nimeshapanda nusu shamba!" Kicheko kinazuka, naye mwenyewe anacheka huku akifunga kanga kiunoni. Bwana Issa anasimama: "Mama, mashimo usiyafukie. Pitisha matuta katikati. Na leo otesha makokwa ya kienyeji kwenye vifuko, yakifika unene wa penseli nitakuletea vikonyo mwenyewe, na fundi anayejua kichwa na miguu." Makofi, vigelegele.)

Naam! Hilo nililitarajia! Naomba liingie kwenye muhtasari kama mafanikio ya mpango! (Bi Rejoice: "Asali…") Lisiingie. Ameniita Asali, mmesikia? Jamani nimesamehewa! Parachichi hoyee! (Hoyee!) Kikonyo juu! (Juu!) Makokwa nyuma ya jiko? (Kwenye vifuko!) Mapenzi hoyee! (Hoyee!)

Mama Dorika, kabla hujaondoka. Hivyo vifuko vinataka udongo wa msituni, vinataka samadi, vinataka mikono. Nasema hadharani, bila ukurasa, kwamba mimi na mke wangu tutafika shambani kwako kwa ziara rasmi, na ninaagiza maandalizi ya mapokezi yaanze mara moja, kwaya, viti vya…

(Mama Dorika, akiwa tayari kwenye njia: "Viti hatuna! Kuna beleshi mbili na tope! Njooni na mabuti!")

Tutakuja na mabuti, mama. Rejoice anatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mimi na huyu malaika wangu, kabla mwezi huu haujaisha.